Nyigu Hutengeneza Karatasi, Mchwa Huila

Mvua kubwa za mwaka huu zilipokaribia, nilipata likizo ya siku kumi kazini, nikaenda nyumbani kwetu Bungoma kumsaidia baba kupanda mahindi. Siku ya pili alinituma chumba cha nyuma nimletee sanduku lake la mbao, maana ndani yake mlikuwa na karatasi moja aliyoihitaji sana. Nilipoinua sanduku lile, kitako chake kilibaki sakafuni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka chini ya nyumba, wakapenya sakafu ya udongo, wakala mbao, kisha wakala yote yaliyokuwamo: stakabadhi za miwa, vyeti vya shule vya ndugu zangu, barua za marehemu babu, na karatasi yenyewe tuliyokuwa tukiitafuta. Kilichosalia kilikuwa vumbi, na kipembe kimoja chenye alama ya dole gumba.

Karatasi hiyo ilikuwa mapatano ya mwaka 1983, baba aliponunua kwa jirani yetu kipande cha shamba cha ekari moja na nusu. Kipande hicho hakikupata kuandikishwa serikalini. Mashahidi watatu waliotia dole wamekwisha kufariki. Aliyeuza naye amefariki. Amebaki mjane wake, mama mzee ambaye sisi sote humwita Kukhu, na mwanawe akaaye mjini, ambaye tangu Krismasi alikuwa ameanza kuuliza mpaka uko wapi hasa.

Nilikaa chini nikiwa nimeshika kitako cha sanduku, nikatazama juu. Kwenye boriti, karibu na dirisha, palikuwa na kiota cha nyigu, kimening'inia kwa kikonyo chembamba kama kikombe kilichoinamishwa. Nyigu mmoja alikuwa akizunguka ukingoni akiongeza chumba kipya, na kitu alichokuwa akijengea kilikuwa karatasi. Mimi ni karani, na riziki yangu ni karatasi. Kumwona katika chumba kimoja mdudu aliyezila karatasi za baba yangu, na mwingine anayetengeneza zake mwenyewe bila kiwanda, kulinifanya nisijue kama nicheke au nilie.

Hasira ilinipanda. Nikaazimia mambo mawili. Kwanza, kukibomoa kichuguu kikubwa kilicho mwisho wa shamba na kumwaga dawa ndani yake mpaka malkia afe. Pili, kuvichoma viota vyote vya nyigu kwa mwenge wa majani makavu, kwa sababu juma lile lile mtoto wangu alikuwa ameumwa karibu na jicho, na uso wake ulivimba siku mbili. Baba aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuwa ukinisomea karatasi ile zamani, mpaka ulisemwa unapita wapi?"

Nikakumbuka. Mpaka ulisemwa unatoka kwenye mvule mkubwa, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye kichuguu, na kutoka kichuguuni unashuka hadi kijitoni. Mvule ulikatwa zamani. Karatasi imeliwa. Kichuguu ndicho shahidi wa pekee aliyebaki, nami nilikuwa nimekwisha shika sururu ili nimwue.

Basi niliiweka sururu chini. Siku zilizosalia za likizo nilizitumia kuwatazama wadudu hao wawili kila nilipopumzika kupanda, na niliporudi mjini nilitafuta yaliyoandikwa na wataalamu juu yao. Niliyoyaona kwa macho na niliyoyasoma nimeyachanganya hapa, kwa faida ya wakulima na makarani wenzangu ambao nao siku moja watashikwa na hasira kama yangu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni ukoo wao. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mchwa ni namna ya siafu weupe. Sivyo hata kidogo. Ndugu wa siafu ni nyigu, pamoja na nyuki. Mtazame siafu kiunoni utaona kiuno kile kile chembamba cha nyigu. Mchwa hana kiuno. Mchwa ni mende aliyejifunza kukaa mjini. Jambo hili lilikuwa likishukiwa tangu zamani, na mwaka 2007 wataalamu wa jumba la makumbusho la viumbe huko London walipima chembe za urithi za mchwa na mende wa aina nyingi, wakasema wazi kwamba mchwa wote wako ndani ya ukoo wa mende, na kwamba ndugu yao wa karibu kabisa ni mende mmoja wa porini akaaye ndani ya magogo yaliyooza na kuyala. Kwa hiyo nyigu na mchwa hawakurithi desturi ya kukaa pamoja kutoka kwa babu mmoja. Kila mmoja aliifikia kwa njia yake, kama watu wawili wanaokutana sokoni, huyu ametoka mlimani na yule ametoka ziwani.

Njia ya mchwa ilikuwa chakula. Mti mkavu ni chakula kigumu, na mdudu peke yake hana nguvu ya kuusaga tumboni. Yule mende wa magogoni, na mchwa wa aina za kale, wana viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wakaao matumboni mwao, na hao ndio wanaoyeyusha mti. Lakini mtoto azaliwapo hana viumbe hao. Hana budi kuwapata kutoka kwa wakubwa wake, naye huwapata kwa kula kile kitokacho nyuma ya matumbo yao. Neno hili si zuri mezani, lakini ndilo lililowafunga pamoja mzazi na mwana. Mtoto anayeondoka mapema hufa njaa huku amekaa juu ya chakula.

Mchwa wa vichuguu vyetu vikubwa, ambao wataalamu huwaita Macrotermes, walikwenda mbele zaidi: wakawa wakulima. Huleta majani makavu na vijiti nyumbani, huvila, na kwa mavi yao hujenga masega laini yenye matundu kama sifongo. Juu ya masega hayo huota kuvu. Kuvu huyeyusha kile ambacho tumbo la mchwa halikuweza, kisha mchwa hula sega lililokomaa pamoja na kuvu. Mvua zinapokuja, kuvu huyo hutoa uyoga unaopasua ardhi na kutokea juu, ule mkubwa mweupe ambao mama zetu huukimbilia asubuhi. Kilimo hiki kilianza hapa Afrika kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita. Sisi tunaojivunia majembe yetu tulikuja nyuma sana.

Njia ya nyigu ilikuwa mtoto. Mtoto wa mchwa akitoka yaini hufanana na wakubwa wake. Ana miguu, hutembea, na baada ya kukua kidogo huanza kazi. Mtoto wa nyigu ni buu lisilo na miguu, limekaa chumbani mwake kichwa chini, linangojea kulishwa. Mama yake akiliwa na ndege leo, buu hilo litakufa kesho. Lakini kama mle kiotani yumo dada au shangazi, kazi iliyoanzwa itamalizwa na mwingine. Mtaalamu wa Bara Hindi aitwaye Raghavendra Gadagkar, aliyewachunguza nyigu wa kwao kwa miaka mingi, ametilia mkazo sababu hiyo: mdudu wa maisha mafupi mwenye mtoto wa malezi marefu hupata faida akilea pamoja na wenzake. Wako nyigu wengi wasioishi hivyo. Yule ajengaye vijumba vya udongo kwenye kuta zetu huishi peke yake. Huweka buibui waliolemazwa chumbani, hutaga yai, huziba mlango, na kwenda zake.

Nyigu wa boriti yetu walikuwa wa aina ya Belonogaster, wenye rangi ya kahawia iliyokoza na kiuno kirefu sana, ambao wanaonekana chini ya mapaa mahali pengi Afrika. Kiuno hicho kina gharama yake. Nyigu mzima hawezi kupitisha nyama mle. Akikamata kiwavi humtafuna mpaka awe donge, humpeleka kiotani, na kuwagawia mabuu. Buu nalo, likiguswa, hutoa tone la mate matamu, na mkubwa hulinywa. Nililiona jambo hilo mara nyingi nikiwa nimesimama juu ya kiti, huku mke wangu akiniambia nishuke kabla sijaumwa na mimi.

Karatasi yao nayo niliiona ikitengenezwa. Nyigu alitua juu ya nguzo kongwe ya ua, akakwangua mti kwa mataya yake huku akirudi nyuma, akaacha mstari mweupe mwembamba. Alichanganya unga ule na mate, akauleta nyumbani na kuutandaza kwa unyoofu ambao mwashi angeuonea wivu. Mwaka 1719, wakati watu wa Ulaya walipokuwa wakitengeneza karatasi kwa matambara ya nguo na matambara yalikuwa haba, Mfaransa mmoja aitwaye Réaumur aliwaambia wataalamu wenzake huko Paris kwamba nyigu anaonyesha njia ya kupata karatasi kutokana na mti. Ilipita zaidi ya miaka mia kabla ya viwanda kufanya hivyo. Leo mafaili mengi yaliyo mezani kwangu ni mti uliosagwa, na ndiyo sababu mchwa huyatambua kuwa chakula mara moja.

Sasa nije kwenye utawala wao, ambao ulinivutia kuliko yote.

Kiota cha nyigu hakina mtu aliyezaliwa malkia. Majike kadhaa waweza kuanza kiota pamoja, wote wa umbo moja na mavazi yale yale. Mtaalamu wa Italia, Leo Pardi, katika miaka ya 1940 alikuwa wa kwanza kueleza vizuri mambo yaendeleayo baina ya nyigu wa namna hii. Hugombana. Mmoja humpanda mwenziwe na kumtafuna kichwani, na mwingine hujiinamisha. Baada ya siku chache cheo cha kila mmoja hujulikana, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Yule wa kwanza hukaa nyumbani, hupata chakula zaidi, hutaga mayai, na akikuta yai la mwingine hulila. Wa chini hutoka juani kuwinda. Lakini wa chini hajakata tamaa: tumbo lake linaweza kutaga, naye akiona wa juu amedhoofika hupanda. Mkubwa akifa, wa pili hushika kiti siku ile ile. Nimefanya kazi katika ofisi kadhaa, nami sitaandika hapa ni ipi niliyoikumbuka.

Kwa mchwa hakuna mashindano kama hayo, maana mlango umefungwa mapema. Mfanyakazi wa kichuguuni ni kipofu, hana mabawa, na hatapata kuwa na watoto. Askari ana kichwa kikubwa na mataya ya kukata, lakini mataya hayo hayawezi hata kushika chakula. Lazima alishwe mdomoni. Nilipokwangua kichuguu kwa ncha ya jembe ili nione, askari walitoka kwa haraka, na mmoja alinikata kidole mpaka damu ikatoka. Baadaye nilisoma kwamba katika mchwa hawa askari wote ni wa kike, wadogo kwa wakubwa. Wafanyakazi wakubwa ni wa kiume na wadogo ni wa kike.

Hapo pana tofauti kubwa nyingine. Mji wa nyigu ni mji wa wanawake. Dume huzaliwa kwa msimu, hajengi, hawindi, hana hata mwiba. Kazi yake ni kuoa, kisha hufa, na jike huhifadhi mbegu zake mwilini mpaka atakapozihitaji. Mchwa humtunza baba. Ndani kabisa ya kichuguu, katika chumba cha udongo mgumu, malkia amelala na tumbo lililovimba kuliko kidole cha mtu, akitaga maelfu ya mayai kwa siku, na ubavuni pake yumo mfalme, mdogo, mweusi, ambaye hamwachi. Wameoana tangu siku waliyoanguka kutoka angani wakiwa kumbikumbi wawili. Walivua mabawa, wakachimba shimo pamoja, wakalea wana wa kwanza kwa mikono yao wenyewe, kisha mlango ukafungwa wala hawakuliona jua tena. Wanaweza kuishi hivyo miaka kumi na zaidi.

Kwa nini mdudu akubali kufanya kazi maisha yake yote kwa ajili ya watoto wa mwingine? Mwaka 1964 Mwingereza aitwaye Hamilton alitoa hesabu. Kwa nyigu, nyuki na siafu, dume hutoka katika yai lisilopata mbegu ya kiume, hana baba. Kwa hiyo binti zake wote hupokea urithi wake mzima, ule ule, na dada kwa dada hushirikiana robo tatu ya urithi, hali mama na bintiye hushirikiana nusu tu. Yaani nyigu akimlea dada yake huendeleza damu yake zaidi ya kama angezaa. Hesabu hiyo ilipendeza sana, na inaeleza vizuri kwa nini wafanyakazi wao ni wa kike. Lakini mchwa waliiharibu. Kwao dume ana baba na mama kama sisi, ndugu hushirikiana nusu, na bado wamejenga miji mikubwa kuliko ya nyigu wowote. Wazo kuu la Hamilton, kwamba ndugu husaidia ndugu kwa sababu ya damu moja, limesimama. Ile robo tatu ndiyo iliyopunguziwa heshima. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba mababu wa nyuki, nyigu na siafu wakaao pamoja walikuwa na desturi ya jike kuolewa na dume mmoja tu. Na mchwa, kama tulivyoona, wana mfalme mmoja na malkia mmoja. Pale ambapo wazazi hawabadiliki, ndugu atakayezaliwa kesho ni wa damu moja kamili na mimi, basi kumlea si hasara.

Kuhusu kichuguu chenyewe nitasema machache, ingawa vitabu vimejaa habari zake. Kichuguu cha zamani chaweza kuwa na wakaaji zaidi ya milioni moja, hali kiota cha nyigu wetu kilikuwa na wakubwa kumi na tisa nilipowahesabu usiku kwa tochi. Hakuna msimamizi wa ujenzi. Mfaransa Grassé alieleza mwaka 1959 kwamba donge la udongo lililowekwa na mmoja ndilo linalomwita wa pili kuweka lake hapo hapo. Kazi yenyewe hutoa amri. Mabomba ya ndani na kuta zenye vinyweleo hupitisha hewa, na bustani ya kuvu hukaa na joto karibu lile lile usiku na mchana. Na kichuguu huishi kuliko wenyewe. Mfalme na malkia wakifa, mji ule mara nyingi hufa nao, lakini udongo hubaki na wengine huja kukaa. Ndiyo sababu kinaweza kuwa mpaka wa shamba.

Nililokuwa nikilitaka zaidi ni kujua nani alikula sanduku. Nilivunja kijia cha udongo kilichokuwa kikipanda ukutani. Waliotoka walikuwa wadogo sana, na askari wao walikuwa wachache, wenye vichwa vidogo vya rangi hafifu. Si wale walionikata kidole. Kulikuwa na mji mwingine chini ya nyumba, usio na kichuguu cha kuonekana, nami nilikuwa karibu kumwadhibu jirani kwa kosa la mgeni. Siwatetei wale wakubwa kupita kiasi. Nao hula nguzo, na mahindi yakiachwa shambani mpaka bua likauke na kuanguka, watayala. Lakini bwana shamba aliyepita kwetu alituambia neno ambalo tumelifuata: mkulima akisafisha shamba lake mpaka lisibaki hata jani moja kavu, mchwa mwenye njaa hatakuwa na kitu kingine cha kula ila mmea wenyewe. Tumeacha mabua ya mwaka jana yalale katikati ya mistari, na tutavuna mapema.

Tena kichuguu hurutubisha ardhi. Katika Laikipia, kwenye udongo mweusi unaonata, wataalamu waliandika mwaka 2010 kwamba karibu na vichuguu miti huota vizuri zaidi, na wadudu na mijusi ni wengi zaidi, na kadiri unavyotoka mbali ndivyo uhai unavyopungua. Sisi wenyewe tulijua bila kuambiwa: mihogo iliyopandwa ubavuni mwa kichuguu chetu ndiyo minene.

Ama kuhusu dawa, nilikuwa nikifikiri juu ya ile ya zamani, dieldrin, ambayo wazee waliisifu kwamba ukiimwaga mara moja mchwa hawarudi kwa miaka. Sifa hiyo ndiyo ubaya wake. Haikuwa ikiisha ardhini, iliingia majini na ndani ya miili ya wanyama na watu, na mapatano ya mataifa ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliiweka, pamoja na aldrin, katika orodha ya kwanza ya sumu za kukomeshwa duniani. Mtu akiona kopo la namna hiyo katika ghala la babu yake, asilifungue.

Nyigu nao walipata hukumu yao. Tangu mwaka 2017, yule kiwavijeshi mgeni kutoka Marekani alipothibitishwa kuwa ameingia Kenya, mahindi yetu yameteseka sana. Huko Brazil, mwaka 2019, ilitangazwa kwamba nyigu wajenzi wa karatasi walijaribiwa penye mahindi na miwa yenye viwavi, na viwavi, akiwamo huyo huyo, walipungua, na mimea iliumizwa kidogo. Sisemi kwamba nyigu wa boriti watatuokoa. Lakini nilimwona mmoja akirudi na donge la kijani mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo viota vitatu vya upenu wa ghala tumeviacha. Kile cha chumbani, karibu na dirisha afikapo mtoto, nilikiangusha usiku, nyigu wote wakiwa nyumbani na wazito kwa baridi, kwa kukimwagia maji yenye sabuni nyingi. Moto sikuutumia, maana paa letu ni la nyasi. Na ikiwa mtu akiumwa anavimba mwili mzima au pumzi inamwia ngumu, huyo apelekwe hospitali mara moja, nyumba yake isibakizwe kiota hata kimoja.

Limebaki jambo la mpaka. Siku mbili kabla sijarudi kazini, baba alimwalika Kukhu na mwanawe, pamoja na naibu wa chifu na wazee wawili wa kijiji. Tulisimama kichuguuni. Mwana wa Kukhu alisema, kwa heshima, kwamba bila karatasi hana njia ya kujua kama mpaka ulipita hapo au nyuma yake. Baba hakujibu. Kukhu ndiye aliyejibu. Akauliza, "Kumbikumbi wa upande huu wa jua kuchwa, nani amekuwa akiwatega?" Mwanawe akasema, "Wewe, mama." "Na wa upande ule?" Kila mtu alijua. Tangu mwaka 1983 Kukhu amekuwa akifunika matundu ya upande wake kwa majani na kuchimba vishimo vya kuwanasia, akipiga vijiti juu ya gogo ili kumbikumbi wadhani ni mvua, na marehemu mama yangu akifanya vivyo hivyo upande wetu, na hakuna hata mara moja mmoja aliyevuka kwenda kwa mwenziwe. Wanawake wawili walikuwa wameweka mpaka ule kwa vikapu kwa zaidi ya miaka arobaini, na sisi wanaume tulikuwa tukitafuta karatasi.

Mwana wa Kukhu alikubali, kwa sharti kwamba pasiwe na mtu wa upande wowote atakayechimba kichuguu wala kukitia sumu, na kwamba mpimaji ataitwa baada ya mavuno ili kipande kile kiandikishwe inavyopasa. Niliandika mapatano mapya hapo hapo, nakala tatu. Tulipima hatua kutoka kijitoni hadi katikati ya kichuguu, zikawa 212, nikaziandika kwa tarakimu na kwa maneno. Nakala moja iko kwa Kukhu, moja ninayo mjini, na ya tatu iko kwa baba. Sanduku lake jipya ni la bati, nalo limewekwa juu ya mawe manne. Kila Jumamosi asubuhi yeye huinama kutazama kama kuna kijia cha udongo kinachoanza kupanda.